Vitamini D: Hesabu Kwanza, Meza Baadaye

Winta ikianza huku Thornhill, nyumba zetu nyingi huwa na kichupa cha vitamini D. Sawa kabisa: ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi, na jua la Desemba hapa halitoshi. Lakini jamani, "sisi tuna upungufu" sio ruhusa ya kumeza ovyo.

Health Canada inasema mtu mzima hadi miaka 70 anahitaji IU 600 kwa siku. Mwisho ni 4,000, chakula kikiwemo. Sasa jumlisha: kidonge, maltivitamini, maziwa yaliyoongezewa D, na yale matone ya shangazi. Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka na mkojo. D hubaki kwenye mafuta ya mwili, inarundikana, kalsiamu inapanda kwenye damu: kiu, kichefuchefu, hata mawe kwenye figo.

Na kupima? OHIP hailipii kipimo hicho kwa wengi wetu tangu Desemba 2010, basi watu wanakisia tu. Mimi nasema tusikisie. Kaa na mama, pangeni vichupa vyote mezani, someni lebo, jumlisheni. Ikipita 4,000 na hakuna daktari aliyeagiza, muulizeni mfamasia. Dawa ikizidi kiasi, ni sumu.