Ghala Lina Bima, Nyumba ya Mfanyakazi Haina



Kila mwaka kusi likilegea, mwezi wa Septemba na Oktoba, moshi huonekana kutoka Quissanga mpaka mto Ruvuma. Majani yamekauka, na kila mwenye shamba anachoma biwi lake kabla mvua za Desemba hazijafika. Wapo wanaosema uchomaji upigwe marufuku kabisa. Hao hawajalima kwa jembe la mkono. Moto huo umetulea sote. Lakini moto huo huo ndio unaotuunguzia nyumba, na ndio unaomfanya mtu wa bima, akiziona nyumba zetu, afunge daftari lake.

Nilishuhudia mwenyewe katika kambi ya wafanyakazi ya shamba moja la minazi. Ilikuwa saa nane mchana, watu wako kazini. Mnyapara aliamuru biwi lichomwe upande ule upepo unakotoka, na hakuna aliyetumwa kuwaarifu waliobaki kambini. Moto wenyewe haukuzifikia nyumba. Zilizofika ni cheche. Kuti moja likashika, na la pili, na mpaka tunafika mbio na ndoo, nyumba 11 zimekwisha. Yaliungua magodoro, baiskeli, mihogo mikavu ya kula mpaka mavuno, na vyeti vya watoto. Mzee mmoja aliunguliwa na karatasi zake za kazi, akazungushwa maofisini mwaka mzima akidai haki yake ya uzeeni. Mwajiri alitoa gunia la mahindi kwa kila nyumba, akasema hiyo ni huruma yake. Ghala la mbata lilikuwa na bima. Trekta lilikuwa na bima. Sisi tulikuwa na gunia.

Mwaka 1977 serikali iliyataifisha makampuni ya bima na kuunda EMOSE. Baadaye makampuni binafsi yakaruhusiwa tena. Sheria ya kazi inamlazimisha mwajiri kutukatia bima ya ajali za kazini, na hilo ni tunda la mapambano. Lakini bima hiyo inalinda mkono na mguu wako ukiwa kazini. Nyumba yako haimo. Nilimwendea wakala mmoja wa bima nikamwuliza kwa nini. Alinijibu bila kuficha: ukuta wa fito, paa la makuti, nyumba zimebanana mpaka mapaa yanagusana, na hakuna karatasi ya kiwanja. Sheria ya Ardhi ya 1997 iliitambua haki ya mtu anayekaa mahali kwa desturi hata kama hana hati, lakini wakala alitaka hati. Nilikasirika. Nilipopoa niliona kwamba katika mambo yake manne, matatu tunaweza kuyapunguza sisi wenyewe, tukiwa pamoja.

Najua mtakaloniuliza. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, nyumba ngapi Mocímboa da Praia, Palma na Macomia zimechomwa na watu wenye silaha? Ni kweli, na bima ya moto ya kawaida hailipi hasara ya vita. Hilo ni dai jingine, na ni la kuidai serikali. Lakini tazameni waliorudi kuanzia 2022 wanavyojenga: haraka, kwa makuti, nyumba imeegemea nyumba. Aliyenusurika na bunduki asije akaunguliwa na koroboi ya jirani.

Basi tuanze na cheche, kwa sababu ndizo zinazobeba moto kutoka shambani mpaka darini. Hatua mbili kuzunguka ukuta pasiwe na kuni, makuti makavu wala takataka, pafagiliwe mpaka mchanga uonekane. Jiko likae mbali na nyumba, upande upepo unakokwenda. Biwi lichomwe asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, na mtaa mzima uwe umearifiwa tangu jana yake. Kina mama kambini wanayajua haya kuliko sisi. Tatizo ni kwamba hawaulizwi. Bati ni bora kuliko makuti, ingawa linaunguza kichwa mchana na chumvi ya bahari inalila. Lifungwe barabara: kimbunga Kenneth, tarehe 25 Aprili 2019, kilionyesha kwamba bati lisilofungwa ni panga linaloruka.

Lakini mfanyakazi peke yake hawezi kukata barabara ya moto kuzunguka kambi ya nyumba 200. Trekta ni la mwajiri. Biwi ni la mwajiri. Basi na kinga iwe kazi ya mwajiri, iandikwe katika mkataba wa pamoja: barabara ya moto ikatwe kila Juni, na asichome upande wa upepo wakati watu hawapo kambini. Na mabati atoe kwa mkopo usiozidi nguvu ya mshahara.

Hapo ndipo bima inapoingia. Nyumba moja ya fito hakuna kampuni inayoitaka. Nyumba 200 zilizozungukwa na barabara ya moto, zenye mitungi ya maji, zilizoandikwa katika orodha moja na ada inayolipwa nusu kwa nusu na mwajiri, hizo zinaweza kuzungumzwa mezani kama tunavyozungumza mishahara. Hata Marekani, katika jimbo la California, makampuni ya bima yalianza kuwakimbia wenye nyumba zilizo karibu na misitu. Mwaka 2022 jimbo hilo likayaamuru yapunguze ada kwa mtu aliyesafisha kuzunguka nyumba yake na kuikinga na cheche. Huko ni nchi ya matajiri, na bado ilihitajika amri. Hapa kwetu bima haitakuja kwa kusubiri kampuni ituonee huruma.

Ada yenyewe itauma, sifichi. Kwa kibarua wa msimu huenda isiwezekane kabisa, na kwake yeye mchango wa xitique wa kambi ndio utakaomfaa kwanza, hata kama unatosha bati kumi tu na godoro.

Tawi ambalo halijaliweka jambo hili katika madai yake ya mwaka huu, liliweke kabla ya Juni. Trekta likishaingia kulima, halitapatikana tena kwa kukata barabara ya moto.