Jenereta ipo, waya je? Kosa la plagi linaloweza kuua fundi nguzoni

Mbingu ipo katikati ya mitambo miwili mikubwa ya maji. Upande mmoja Kidatu, megawati 204. Upande wa pili Kihansi, megawati 180. Maji ya Mto Kilombero nayo yanaishia Rufiji, kwenye Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115.

Lakini megawati hazizuii mti kuangukia waya wakati wa masika. Na Aprili 1, 2024 Gridi ya Taifa yenyewe ilipata hitilafu, nchi ikawa giza.

Ndiyo maana mkulima wa mpunga au kakao akiuza mavuno ananunua jenereta, au betri na inveta. Shida ni kwamba hela yote inaishia kwenye mashine. Waya na plagi vinaokotezwa.

Kosa baya kuliko yote ni waya wenye plagi dume pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Rahisi kweli.

Kumbe umeme huo unarudi hadi kwenye luku na kutoka nje. Ukifika kwenye transfoma, ile inayoshusha umeme hadi volti 230 sasa inaupandisha kuwa maelfu ya volti. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo anaamini laini imekufa. Na plagi ikichomoka ukutani, pini zake ziko wazi na zina moto, mtoto yupo pale pale.

Dawa yake ni chenjiova: swichi inayochagua TANESCO au jenereta, kamwe si vyote viwili kwa pamoja.

Wa inveta nao wana hesabu yao. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 230 unavuta zaidi kidogo ya ampea 4. Mzigo huo huo kwenye betri ya volti 12 unavuta zaidi ya ampea 83. Waya wa 2.5 uliobaki kwenye soketi za sebuleni ukiufunga kwenye betri, utayeyuka. Hapo panatakiwa waya wa shaba wa 25 au zaidi, uwe mfupi, na fyuzi karibu kabisa na betri.

Halafu kuna kijiti. Kifaa kina plagi ya pini mbili, soketi ni ya matundu matatu, basi mtu anachomeka kijiti au kalamu tundu la juu ili ipite. Chaja ya simu inaweza isilete balaa. Friji yenye bodi la chuma ni habari nyingine: bila ethi, hitilafu ndogo tu na bodi lote lina umeme. Iwekwe plagi ya pini tatu yenye fyuzi yake.

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na kumwomba aioneshe si dharau. Mwambie pia si lazima nyumba nzima iwake. Taa, televisheni na friji zikitengewa laini yao kupitia inveta, gharama ya waya inapungua sana. Pasi na jiko la umeme visubiri TANESCO irudi.