Gari Likivutwa, Watoto Washuke Kwanza

Jumapili ya mwisho ya likizo tulikuwa tunarudi Dar es Salaam kutoka Morogoro. Kabla ya kufika Chalinze gari la shemeji likazima. Nyuma nilikaa na watoto wao watatu, wawili wamelala. Kijana mmoja mwenye Noah akasimama, akafunga kamba, akasema, "Kaeni humo humo, si mbali." Tukakaa.

Kwenye mteremko wa kwanza nikamwona shemeji amekandamiza breki kwa miguu miwili, na bampa ya Noah inatusogelea.

Fundi alitueleza baadaye. Injini ikizima, ile nguvu inayousaidia mguu kwenye breki hubaki kidogo tu. Ukikanyaga mara mbili tatu imekwisha, pedali inakuwa ngumu. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga kabisa. Kamba yenyewe inajua kuvuta tu, haizuii gari la nyuma kugonga la mbele. Ikilegea halafu ikakazwa ghafla inaweza kukatika, na mshtuko ule unaishia kwenye shingo ya mtoto aliyelala.

Kwa hiyo wazazi, kabla kamba haijafungwa, watoto washuke. Abaki dereva peke yake, amefunga mkanda, hazadi zinawaka. Kama gari la mbele lina viti na mikanda ya kuwatosha, wahamie huko, lakini si kurundikwa kwenye buti. La sivyo, wasubiri mbali na lami, wala wasipite katikati ya magari mawili, kisha mtu mzima apande nao basi. Najua kuna giza, mizigo na nauli. Sisi pia siku ile tulihesabu nauli kabla ya kuhesabu watoto.

Na kama gari lenu ni otomatiki, magari ya familia mengi siku hizi ndiyo hayo, kulivuta matairi yote yakiwa chini kunaweza kuua giaboksi. Mafuta yake husukumwa injini ikiwa inawaka. Injini imezima, matairi yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu, hata gia ikiwa kwenye N. Someni kitabu cha gari. Kikikataza, iteni lori la kulibeba. Ni ghali, ila giaboksi ni ghali zaidi.

Tulipofika kituo cha mafuta, mdogo wa miaka minne akaamka, akauliza kwa nini baba amelowa shati.