Vipande Kumi na Viwili vya Makala

Kwenye Baraza, na Odette Mwamba

Wiki iliyopita, upande wa kambi ya Kimbembe, huku kwetu Annexe, Lubumbashi, nilimkuta mke wa askari akiwasha mbabula huku kijana wake, wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi, akikariri kuzidisha kwa Kifaransa. Alikuwa anaimba vizuri. «Trois fois quatre, douze.» Mama akamwambia kwa Lingala: hebu nionyeshe. Mtoto akaokota vipande vya makala, akaweka vitatu, akaongeza vinne, akahesabu. Saba! Akabaki ameduwaa.

Mama hakumkemea. Alipanga mistari mitatu, kila mmoja vipande vinne, akamwachia ahesabu mwenyewe hadi kumi na viwili. Kisha akanigeukia kwa aibu: «Unisamehe, mama. Mimi Kifaransa sijui, siwezi kumsaidia masomo.»

Nilimwambia palepale, na ninalirudia hapa: ameshamsaidia, tena kwa kitu ambacho kuimba hakukumpa.

Nyumba za askari zina ugumu wake. Tangu enzi za Force Publique, jeshi la wakoloni, Lingala ndiyo lugha ya jeshi letu, kwa hiyo mtoto anaamka nayo. Akitoka nje, sokoni na mtaani, ni Kiswahili. Akiingia darasani, Kifaransa. Baba akihamishwa, mtoto anaanza upya na wenzake wapya, na wapo wanaomcheka kwa matamshi yake. Hapo baadhi ya wazazi wanakata shauri: nyumbani ni Kifaransa tu, hata kama wao wenyewe wanakiokoteza. Jioni nzima inapita mzazi na mtoto wakiongea maneno ishirini. Ninawaelewa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko hapahapa, Kasapa, na kila mzazi anayepita pale anatamani mwanawe aingie. Lakini mtoto asiyeelewa kuzidisha kwa lugha yoyote hataelewa eti kwa sababu tumemnyang'anya ile anayoijua. Hata sheria ya elimu ya Februari 2014 imezipa lugha za taifa nafasi yake darasani. Sisi wazazi ndio tunaozionea aibu.

Tena, tangu mwaka 2019 serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ambayo Katiba ya 2006 ilikuwa imeshaahidi, watoto wengi wameingia shuleni, na ni haki yao. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kumuuliza kila mmoja kama ameelewa. Swali hilo limebaki kwetu, pale kwenye mbabula, wakati bukari haijaiva.

Sasa nizungumze na akina baba askari walio mbali, vitani mashariki. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, simu kutoka mashariki zimekuwa nzito kwa familia. Zinakatika, na dakika ni chache. Papa, ukimpata mtoto usianze na «umepata asilimia ngapi?» Mwambie akueleze kitu kimoja alichojifunza leo, kwa lugha mnayoongea ninyi wawili. Akikosea, muulize tena polepole. Na ukirudi baada ya miezi mingi, usianze kwa kudai bulletin huku fimbo iko mkononi. Huyo mtoto amekungoja wewe, hakungoja ukaguzi. Bulletin zenyewe mama azitunze zote ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa, maana uhamisho ukija shule mpya itaziomba siku ya kwanza.

Yule kijana wa Kimbembe alimkataza mama yake asirudishe yale makala kwenye mbabula. Aliyafunga yote kumi na mawili ndani ya karatasi, akayaweka karibu na simu. Papa yake hupiga usiku, akipata mtandao.