Mgeni wetu na treni



Mwenzetu wa Burundi, aliyekuja kusoma na sisi hapa Kalemie kwa kubadilishana wanafunzi, alipanda treni siku ya posho kwenda Nyunzu kuona rafiki yake. Ruhusa yake ilikuwa ya kurudi siku ya Mungu. Alirudi siku ya tatu, mtihani wa hesabu umekwisha kupita. Sasa wengi wanasema: apewe zero, na safari zote zikatazwe.

Sisi hatukubali. Nani alimwambia treni itarudi siku ya Mungu? Ni sisi. Hatukuuliza mtu ku stasio. Reli ya Kabalo mpaka hapa ni ya mwaka 1915, lakini treni haisikilize kengele ya shule. Sisi tunajua ile. Yeye, kwao hakuna treni, angejua namna gani?

Tunaomba Bwana Prefe amuachie afanye ule mtihani. Na tangu leo, mtu asipewe ruhusa mbele ya kuuliza treni ya kurudi iko lini. Lakini kukataza kutembeleana, hapana. Mgeni tukimfungia ndani, atarudi kwao bila kutujua.

Sisi, wa mwaka wa sita.