Manila Haipimi Joto

Nina kidude mezani kwangu hosteli. Ni bodi ya Arduino, kihisi cha joto na unyevu aina ya DHT11, kihisi mwanga, na skrini ndogo ya mistari miwili, herufi 16 kila mstari. Siku ya kwanza kiliandika nyuzi 34. Mwenzangu wa chumbani akacheka: "Ticha, humu ndani ni jehanamu?" Nikakesha nikikagua programu mstari kwa mstari. Haikuwa na shida. Kumbe kihisi nilikiweka ubavuni mwa laptopu, pale feni inapotoa hewa ya moto. Nikakisogeza dirishani kwa waya mrefu, kikashuka hadi 29.

Halafu nikasoma maelezo ya kihisi chenyewe: DHT11 inaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini. Yaani 29 yangu ni popote kati ya 27 na 31. Hapo nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, nilipokuwa fildi mwaka jana. Alikuwa na vipimajoto viwili kwenye maji yale yale, vimepishana nyuzi moja na nusu. "Mwalimu, kipi kinasema kweli?" Nikamwambia kimoja ni kibovu. Sikujua ni kipi, wala kama kweli kipo kibovu. Nilitaka tu kipindi kiendelee.

Nimeandika ripoti za maabara miaka mitatu sasa. Kwenye vyanzo vya makosa huwa naandika kwamba jicho halikukaa usawa wa kipimo, kama desa linavyosema, hata pale kipimo chenyewe kilikuwa cha namba za kidijitali. Usicheke, na wewe umeandika.

Kwa hiyo nasema wazi: sisi wa ualimu wa sayansi tusiende fildi kabla ya kuunda walau kifaa kimoja kinachopima kitu, na kukitetea mbele ya wenzetu. Tukiambiwa tuandae zana za kufundishia, tunapeleka manila na kalamu za rangi. Mimi nilichora saketi safi kabisa nikapata A. Saketi ile haikuwahi kuwaka, wala haikuwahi kugoma kuwaka.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mainjinia. Hapana. Kihisi mwanga ni rezista tu: mwanga ukizidi, ukinzani unapungua. Ukiiunganisha na rezista ya kawaida, volti zinagawanyika na bodi inazisoma kama namba kati ya 0 na 1023. Ni kanuni ya Ohm ile ile tuliyoikariri sekondari.

Suala la gharama nalikubali nusu. Bei ya bodi inauma, mimi nilisubiri bumu. Lakini bodi moja inatosha kikundi cha watu sita, mnabomoa na kuunda upya. Na shule isiyo na umeme? Kidude kinatumia volti 5. Pawabenki ya simu inakiendesha.

Kinachotukwamisha zaidi ni funguo. Maabara yetu inafungwa saa kumi jioni, na Jumamosi haifunguliwi kabisa. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mwaka huu tuombeeni Jumamosi moja tu kwa mwezi, fundi maabara akiwepo. Bodi nitakuja nayo mimi. Ila msiniunguzie, bumu lijalo liko mbali.