Nkambo hashuki kwenye shimo, lakini ndiye analipa masomo

Ndugu wachimbaji, baba na mama, kila Septemba tunawaona pale Kolwezi, Likasi na Kipushi: bankambo wamesimama kwenye mlango wa masomo, wameshika mjukuu mkono, franka zimefungwa kwenye ncha ya kitenge. Ni franka za makala na za sombe. Baba wa yule mtoto alikuwa mwenzetu. Shimo lilimfunika.

Juni 2019, karibu na Kolwezi, mgodi uliporomoka, wachimbaji zaidi ya 40 wakafa. Tulilia, tulikesha kwenye matanga, tulichanga franka za sanduku. Kiisha tukarudi kuchimba. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 siku ile, leo amefikia umri wa sekondari. Nani alimvalisha na kumlisha bukari miaka hii yote? Si siye. Ni nkambo yake.

Watu wanasema masomo ni bure. Ndiyo, Katiba ya 2006 inasema hivyo kwa masomo ya msingi ya serikali, na tangu 2019 serikali ilianza kuitimiza. Lakini daftari, viatu na nguo za masomo si bure. Na sekondari inalipwa. Nkambo akikosa, mtoto anachukua mfuko, anashuka mtoni kuosha mawe. Hapo tunamwona tena, na tunanyamaza.

Wengine watajibu: hata siye tunakula kwa shida, bei ya kobalti inapanda na kushuka. Ni kweli. Lakini likelemba tunaijua vizuri. Tunacheza likelemba ya pikipiki, ya ndoa, hata ya bia. Ya yatima iko wapi?

Sheria inataka kila mchimbaji awe ndani ya koperativi. Basi tuanzie hapo. Mbele ya kugawana pesa ya mifuko, kila kikundi kitoe kidogo. Pesa hiyo isipite mikononi mwa ndugu za marehemu, wala mwa wakubwa wa koperativi. Iende moja kwa moja kwa masomo, nkambo apewe risiti, na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi.

Yule nkambo wa mlangoni ni mama wa mwenzetu. Kesho atakayesimama pale anaweza kuwa mama yetu.